Mwalimu Wasike na Ng'ombe wa Mzee Kiprugut

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kufundisha, yote hapa Rongai, Mwalimu Yohana Wasike anastaafu tarehe 31 Desemba 1958. Wanaomfahamu wanajua hataondoka kimyakimya.

Alifika mwaka wa 1929 kutoka Kimilili, kijana mwembamba mwenye baiskeli isiyo na breki. Wembamba ulimwisha zamani. Breki bado hajazitia. Amefundisha kusoma, kuimba na kilimo, na kwa muda alikuwa refa wa mpira, kazi aliyoiacha kwa ombi la timu zote mbili. Lakini mapenzi yake hasa ni hesabu.

Silabasi tuliyoikuta ilimkera. Watoto wa vibarua wa mashamba walitakiwa waseme bafu lenye mifereji miwili litajaa baada ya muda gani, na hata sisi walimu hatukuwahi kuoga ndani ya bafu la namna hiyo. Mwaka wa 1954 akaanza kutukusanya nyumbani kwake kila Jumamosi tuandike masomo mapya. Mama Wasike alipika chai, Mwalimu Ogola alichora, Mwalimu Rebeka Chepkurui alisahihisha, na mimi nilibishana.

Kwa somo la kutoa, Wasike akaona amheshimu Mzee Kiprugut, mjumbe wa kamati ya shule. Wiki hiyo Chepkurui alikuwa kitandani na malaria, nasi wengine hatukuliona somo hilo mapema. Akaandika ubaoni: Mzee Kiprugut ana ng'ombe arobaini, kumi na wawili wamekufa, wamebaki wangapi? Darasa zima likatazama sakafu. Akadhani hawajasikia, akarudia kwa sauti kubwa zaidi.

Jioni Mzee Kiprugut akaja na rungu, akiuliza ni mwalimu gani anayemuulia ng'ombe. Kwao, kama kwa kina Chepkurui, mifugo ya mtu haihesabiwi hadharani, sembuse kufishwa ubaoni. Akamtoa shuleni binti yake Cheptanui, aliyezitafuna hesabu kama mahindi ya kuchoma. Mtihani wa darasa la nne ulikuwa umekaribia, na kwa asiyeufanya, shule iliishia hapo.

Wasike hakumtuma mtu. Alikwenda mwenyewe na Chepkurui, akakiri kosa, akaomba radhi mbele ya majirani. Mzee akaingia ndani, akafunga mlango. Wasike akarudi tena, akafungiwa tena. Alipofika mara ya tatu, Mzee akamuuliza sasa atahesabu nini, naye akajibu kwamba atahesabu atakachoruhusiwa. Wakakaa wakapanga: magunia ya mahindi sawa, nguzo za ua sawa, mabehewa ya treni sawa, ng'ombe wa mtu na watoto wa mtu, hapana.

Tukayaandika masomo upya. Cheptanui alirudi, akafanya mtihani, akapita. Shule jirani zikaiga masomo yetu, na mkaguzi akayakubali bila kubadilisha chochote isipokuwa tahajia yangu.

Mwaka huu Cheptanui amemaliza darasa la nane, na Januari anaingia chuo cha ualimu. Mzee Kiprugut amekuja kutuomba jambo moja: darasa la hesabu analoliacha Wasike asipewe mtu mwingine. Tumekubali. Tutalifundisha kwa zamu mpaka binti ahitimu.

Mwalimu, asante. Unatuachia pengo, na tumehuzunika kweli. Wewe na Mama mkaishi Kimilili kwa afya na amani, na Mungu awape uzee mwema.