Jibu la Pampu ya Upepo: Maisha ya Mwalimu Verna Kubicek

Mchungaji, ndugu, majirani, na ninyi nyote mliosomeshwa na marehemu, nasimama kwa niaba ya familia, mimi Janelle, binti yake wa pekee, na mnivumilie jamani, maana aliyekuwa akinisahihishia kila ninachoandika ndiye huyu tunayemzika.

Verna Lindgren Kubicek alizaliwa tarehe 4 Septemba 1949 mjini Lincoln, Nebraska, mtoto wa kinyozi, akasoma hapo hapo mjini hadi chuo kikuu, akahitimu Mei 1971, na Agosti hiyo akaja kwetu Tilden Prairie kufundisha fasihi sekondari, kazi aliyoifanya miaka thelathini na minane. Kila darasa la kumi na moja lilisoma naye riwaya ileile kongwe ya Kimarekani, kwa penseli za rangi, nyekundu kwa sitiari, buluu kwa tashbihi, kijani kwa taashira, na ole wako upake kijani pasipostahili, angekuuliza mbele ya wenzako, "Wewe, hii taashira umeiokota wapi, shambani kwa baba yako?"

Ndivyo alivyomwambia mwanafunzi wake Wendell Stroh, Mei 1979. Katika sura ya tisa ya riwaya hiyo mjane anafunga pampu ya upepo, ile ya mapanga yanayozungushwa na upepo kuvuta maji kisimani, siku anayomzika mumewe, na mama alifundisha kwamba pampu iliyosimama ni taashira ya kukata tamaa, lakini Wendell akaandika kwenye mtihani kwamba pampu hufungwa breki dhoruba ikikaribia ili isivunjike, kwa hiyo mjane yule alikusudia kuendelea kuishi. Mama, mtoto wa mjini, akampa sifuri, na kwa sifuri hiyo alama zake zikashuka, Wendell akakosa nafasi ya chuo cha ualimu aliyoitamani tangu utotoni, akaishia kutengeneza pampu za watu.

Tarehe 20 Juni 1981 mama alifunga ndoa na baba yangu, Duane Kubicek, mkulima, katika kanisa hili, na Julai, wingu jeusi lilipotanda, akamwona baba akikimbilia breki ya pampu, akamuuliza kulikoni, baba akacheka, "Mke wangu, ikizunguka kwa upepo huu, kesho ng'ombe watakunywa nini?" Hapo mama akatambua kwamba Wendell ndiye aliyekuwa sahihi. Kuanzia Septemba alifundisha jibu la Wendell, mwaka hadi mwaka, nami niliyezaliwa tarehe 12 Aprili 1983 nililipaka kijani darasani kwake, lakini hakuwahi kusema ni la nani, na tulipokutana na Wendell dukani mama aligeukia rafu za mikebe. Nampenda mama yangu, lakini alikosea, na inaniuma kulisema mbele ya jeneza lake.

Baba alitangulia mwaka 2006. Januari mwaka huu wa 2014 mama aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, na hapo ndipo aliponisimulia haya yote, na Jumapili tarehe 9 Machi akanishika mkono, "Janelle, niitie Wendell, nina neno naye," nami nikamjibu, "Mama jamani, mtihani wa zama zile wa nini, pumzika kwanza, utaongea naye ukipata nguvu." Hakuzipata. Alifariki Jumanne tarehe 11 Machi, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, majirani mliolisha ng'ombe wetu, na kina mama mlioandaa sandwichi za nyama ya nguruwe, karibuni nyote ukumbini chini baada ya mazishi.

Jana mchana, wakati wa kuaga mwili, Wendell alikuja na kofia mkononi, akaniambia, "Mama yako alikuwa mkali lakini mwenye haki, lile swali la pampu nililikosa mwenyewe, nilikuwa na kichwa kigumu," nami, Mungu anisamehe, nikamshukuru tu kwa kuja.

Bwana Stroh, hukukosa. Miaka thelathini na mitano umejilaumu bure, na mama alijua, na jana nami nilijua nikanyamaza.

Lala salama, mama, neno lako limefika, nisamehe nililichelewesha.