Nani Atamfundisha Muthoki?

Katika sheria ya Musa, mume aliyeingiwa na roho ya wivu alimpeleka mkewe mbele ya kuhani, na mke akanyweshwa maji machungu ili yaliyofichika moyoni mwake yajulikane. Hapa Kwa Vonza hatuna hema ya kukutania wala kuhani wa namna ile. Tuna benchi la Shamso, ubao mrefu uliolazwa juu ya mawe mbele ya duka lake, kando ya njia waipitayo wanafunzi wa chuo kikuu. Maji machungu nayo tunayo: kahawa yake nyeusi ya tangawizi. Tofauti ni moja tu. Kwetu mume huja peke yake, na kikombe hukinywa mwenyewe. Jumatatu ile alasiri alikuja Ben, fundi wa matangi ya maji, ambaye tunamwita Bwana Harusi, kwa kuwa miaka mingi baada ya ndoa bado humtazama mkewe kanisani kana kwamba mchungaji hajamaliza kuuliza kama kuna mwenye pingamizi. Sola ya nyumbani kwao ilikuwa imeharibika, na yeye ndiye aliyezileta simu zao mbili zichajiwe kwa Shamso. Ya kwake ilikuwa imechomekwa ukutani. Ya mkewe, Muthoki, alikuwa ameichomoa na kuishika mkononi, akiitazama kama mtu aliyefunua kapu akakuta nyoka.

— Kunywa, Bwana Harusi. Hiyo simu haitakuuma, alisema mzee Nthiwa, naibu chifu mstaafu. Yeye tunamwita Katiba, maana hawezi kupiga chafya bila kutaja kifungu cha sheria.

— Imeshaniuma, mzee. Chuo imetuma meseji. Ati Muthoki achague mwalimu wa saikolojia kabla ya saa kumi leo. Wako wawili. Asipochagua, angojee mpaka mwaka ujao.

— Si umpelekee achague?

— Nitampelekea. Lakini kwanza nijue anachagua nani.

Hapo akafika Injini, kijana wa bodaboda. Huyu huwabeba wanafunzi kila siku hadi lango la chuo, na kwa hiyo hujihesabu kuwa amesoma nusu ya kila kozi.

— Hebu taja majina, alisema kabla hajakaa.

— Daktari Nyamai. Na Profesa Wavinya.

Injini alipiga mluzi.

— Nyamai? Aiii! Buda, umekwisha.

— Nimekwisha namna gani?

— Huyo ni kijana. Shati nyeupe kila siku, na unajua vile Kwa Vonza iko na vumbi. Mtu wa shati nyeupe hapa ni mtu anafuliwa na mtu.

— Ameoa? aliuliza Ben.

— Pete sijaona.

— Kukosa pete si kosa la jinai, alisema Katiba.

— Sijasema jinai, mzee. Nasema akifundisha, wasichana wanacheka mpaka mimi nawasikia nikiwa getini. Sasa mimi nauliza: saikolojia ni kitu ya kuchekesha?

Ben alikunywa funda moja, uso wake ukakunjamana, nami sikudhani ni tangawizi peke yake. Kaini hakuanza na jiwe, ndugu zangu. Alianza na uso.

— Na si kucheka tu, Injini aliendelea, maana mdomo wake ni kama pikipiki yake, breki ziliisha zamani. Siku ya kwanza anawaambia kila mtu asimame aeleze mtu anaishi naye. Anakula vipi. Anakasirika vipi. Wewe uko hapa unafunga paipu ya watu, kumbe darasani unasomwa kama gazeti.

— Mimi nisomwe?

— Mbele ya watu! Mpaka vile unavyokoroma.

— Mgeni njoo mwenyeji apone, alisema Katiba kwa huzuni kubwa. Ndiyo maana wazee walikataza wageni nyumbani.

— Wazee hawakusema hivyo, Katiba, nilimwambia.

— Wewe Mzee wa Kanisa shika Biblia. Methali niachie.

Shamso alitoka na birika lake la bati. Watu wake ni wa Garissa, lakini amekaa hapa muda mrefu hata hukasirika kwa Kikamba.

— Nyinyi mnasema mtu hata hamumjui, alisema akimimina. Wacha mama ya watu asome.

— Tunamlinda, Shamso.

— Mnamlinda na nini? Na kitabu?

— Na mbwa, alisema Injini.

Tulimgeukia sote.

— Nimebeba mwanafunzi wake, ameniambia. Kuna jamaa mmoja wa hiyo saikolojia alikuwa na mbwa. Akimpa chakula, anapiga kengele. Akimpa chakula, anapiga kengele. Siku ingine akapiga kengele bila chakula, na mbwa akadondosha mate hivi hivi. Sasa Nyamai anafundisha hiyo. Kengele, Bwana Harusi! Muthoki akileta kengele moja kwa jikoni, wewe utakuwa hapa benchi, isyo ya mahindi na maharagwe haijaiva hata, na mate inakutoka.

— Mwaitu! alisema Ben, akajipangusa mdomo bila kujua.

Nilitaka kucheka, nikajizuia, kwa kuwa jasho lilikuwa limemtoka mtu huyu kwenye paji la uso. Kejeli ni mkate mtamu mpaka umwone anayeliwa.

— Basi nachagua huyu mama, alisema Ben. Profesa Wavinya. Mwanamke na mwanamke, hakuna shida. Namba ya siri ya simu naijua, Muthoki hajawahi kunificha. Nabonyeza hapa, maneno inaisha.

— Ngoja, alisema Katiba, akaweka kikombe chini kama hakimu anavyoweka kalamu. Huyo Wavinya namjua. Alikuja kwa baraza wakati bado niko ofisini. Aliongea pole pole sana. Hakupandisha sauti hata mara moja.

— Hiyo si ni vizuri?

— Vizuri wapi? Mwanamke anapiga kelele, unajua mvua itanyesha wapi. Mwanamke ananyamaza hivi anakuangalia, hiyo ni serikali! Na hiyo ndiyo anawafundisha. Ukirudi nyumbani umechelewa, hakuna swali. Anakuangalia tu, anasema, "Naona umekasirika." Sasa utajitetea kwa kifungu gani?

— Ni kweli, alisema Injini. Na wanafunzi wake usiku hawalali. Wanakaa wanaangalia mzee akilala, wanajua anaota nani.

— Kuota nani? Mimi naota matangi!

— Tangi ya nani, Bwana Harusi? Hapo ndipo profesa anaanzia.

— Usipoziba ufa utajenga ukuta, alihitimisha Katiba. Kwa hivyo, kijana, jenga ukuta mapema. Usichague Nyamai, usichague Wavinya. Nyamaza. Saa kumi ipite. Mwaka ujao ni mbali.

Shamso aliacha kumimina.

— Katiba, hiyo ni dhambi.

— Si dhambi. Hakuna sheria inasema simu lazima ifike nyumbani saa kumi.

Nikaona neno lile likimwingia Ben, likatafuta mahali pa kuketi. Alikigeuza kioo cha simu kikalala juu ya goti lake. Jua lilikuwa limeanza kuhama upande wa ubao tulioukalia. Dhambi, Maandiko yasema, huotea mlangoni. Siku ile ilikuwa imekwisha kuingia na kuagiza kahawa.

— Ben, nilisema, unaogopa nini hasa?

Alijibu bila kunitazama.

— Mzee, mimi nimegawa huyu mwanamke na watu wengi sana. Asubuhi ni watoto wa chekechea, anawafundisha. Jumapili ni kwaya. Jioni nasema sasa ni yangu, na jioni iko na Ndolo.

Wote pale tulimjua Ndolo. Ni kaka yake Muthoki. Alikuwa mpakiaji wa mchanga mtoni, mpaka siku ile ukingo ulipowaporomokea. Wenzake wawili walitolewa wamekufa. Yeye alitoka mzima, ila sauti yake ilibaki chini kule. Kanisani tulimwekea mikono, tukafunga, tukalia. Tangu hapo anaishi kwa Ben.

— Bado hasemi? aliuliza Katiba kwa sauti ya chini.

— Bado. Na kila jioni Muthoki anaketi naye hapo nje ya jikoni. Anamwambia mambo ya shule, ya mbuzi, ya mvua. Jamaa hajibu hata neno moja, na yeye anaendelea tu. Mimi nimetoka kazi na njaa ya kuongea, hakuna mtu wa kunisikiza. Sasa aongeze profesa? Mimi nitabaki na nini?

Nikamwona yule kaka mkubwa wa mwana mpotevu, katika mfano wa Bwana wetu, amesimama nje ya nyumba ya baba yake, anasikia nyimbo ndani na hataki kuingia, analilia mbuzi ambaye hakuna aliyemnyima. Mtu wa namna hiyo hukosea, tena hukosea sana. Lakini baba alitoka nje akamsihi, wala hakumpiga.

Wakati huo lori la mbuzi lilisimama kando ya barabara likitoa moshi mbele. Dereva wake alishuka na debe mkononi, mtu mrefu, kofia yake imefifia kwa jua. Alikuwa Abdiwahid, jamaa wa mbali wa Shamso, anayesafirisha mifugo kutoka upande wa Nuu. Wengi wetu hatukuwa tumemwona kabla ya siku ile.

— Asalaam aleikum. Gari imechemka. Shamso, nipatie maji, na kahawa kama iko.

— Kaa. Kahawa imebaki kidogo.

Alikaa mwisho wa ubao. Injini, ambaye hawezi kumwona mtu mpya akabaki hajui habari, alimweleza yote: Nyamai na shati lake, kengele na mbwa, Wavinya na macho yake, saa kumi inayokuja, na shauri la Katiba la kunyamaza. Abdiwahid alisikiliza akitikisa kichwa, akipuliza kikombe chake.

— Sasa mimi sijasoma hiyo kitu, alisema alipoachiwa nafasi. Lakini huyo mama anataka kusoma saikolojia kwa sababu gani?

— Cheti, alijibu Katiba upesi. Siku hizi ni cheti.

— Hapana, alisema Ben. Cheti cha chekechea anacho.

— Mshahara, alisema Injini. Apandishwe daraja.

— Hapana. Mwalimu mkuu alimwambia asomee hisabati ndiyo apandishwe. Alikataa.

— Basi ni kwa nini? aliuliza tena Abdiwahid, bila ukali wowote, kama mtu anayeuliza njia.

Mbuzi walilia ndani ya lori, na mmoja akagonga ubao kwa kwato.

— Sijui, alisema Ben. Siku moja alikuja kuniambia. Nikamuuliza ni mwanaume gani amemtia hiyo maneno kwa kichwa. Hakuniambia tena.

— Hajaambia mtu?

— Siku chuo ilimkubali, wa kwanza kuambiwa alikuwa Ndolo. Mimi niliambiwa wa pili. Nilikasirika sana. Nilikula nikiwa nimegeukia ukuta.

— Na huyo Ndolo alisema nini?

— Ndolo hasemi, ndugu yangu.

— Ndiyo. Lakini alifanya nini?

Ben aliitazama simu iliyolala kifudifudi gotini mwake.

— Alimshika mkono, alisema. Tangu atoke mtoni hakuwa ameshika mtu.

Injini aliinamisha kichwa, akaanza kukwangua matope makavu kwenye kiatu chake. Katiba alikohoa, kikohozi kisicho na kifungu. Ben alinyoosha kikombe chake.

— Shamso, ongeza.

Shamso aliliinamisha birika mpaka mwisho. Hakikutoka kitu ila mashapo mazito, meusi, yenye nyuzi za tangawizi.

— Imeisha, Ben. Hiyo usikunywe.

Alikunywa. Aliyamaliza yote, hakutema, na macho yake yakalengwa na machozi ambayo kila mmoja wetu alimheshimu kwa kuyaita uchungu wa kahawa. Kisha akasimama.

— Injini, hiyo kitu yako iko na mafuta?

— Iko. Tunaenda wapi?

— Nyumbani. Saa kumi haijafika.

— Umeamua ni nani? Nyamai ama Wavinya?

— Panda uwashe, bwana. Mimi naenda kuuliza.

Waliondoka na vumbi lao. Tulipogeuka tuliiona simu ya Ben mwenyewe bado imechomekwa ukutani. Ile ya mkewe aliishika kifuani kwa mikono miwili, wala hakukumbuka kumshika Injini. Abdiwahid aliomba maji zaidi akaenda kwenye lori lake. Shamso alikusanya vikombe. Benchi likabaki na Katiba nami.

— Mzee wa Kanisa.

— Naam.

— Syombua wangu alikuwa anaimba kwaya. Sauti ya kwanza. Watu walikuwa wanatoka mbali, Kathonzweni, kumsikia.

— Nakumbuka, Nthiwa. Naikumbuka sana sauti ile.

— Aliacha kwa nini?

— Ni mke wako. Mimi nilidhani wewe unajua.

Alitafuta methali. Nilimwona akiitafuta, midomo ikicheza, mkono umeinuliwa kama siku za baraza. Kisha mkono ukashuka taratibu mpaka pale kilipokuwa kikombe chake, akapapasa, akakuta Shamso amekwisha kukichukua.