Mshipi wa Mchana na Fundo la Bartolomeo

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya yetu ya Mpanda, Ndugu Katibu wa TANU wa Kata, Baba Paroko, Bwana Samaki, afisa wetu wa uvuvi, ambaye leo tumekuona na viatu, Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji chetu cha Kapalamsenga, wageni wetu mliotoka Majengo kule mjini, poleni na vumbi, wavuvi wenzetu, akina mama wa vichanja, na wewe mwanangu Siméon, uliyejificha pale nyuma utadhani umekuja kwenye sherehe ya mtu mwingine: nawasalimu nyote, na ninawaomba mnivumilie.

Kwa wasionifahamu, mimi ni Eufrazia, msimamizi wa vichanja vya kukaushia samaki katika kikundi chetu cha uvuvi. Ni mke wa Bartolomeo, yule anayeangalia chini. Anaangalia chini kwa sababu anajua nitamtaja. Bartolomeo, inua uso, nitakutaja kwa wema pia.

Leo tunamuaga Siméon. Kibali chake cha kukaa hapa kimekwisha, na lori la ndugu yetu Makoye lile pale linamsubiri limrudishe Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, kwa mkewe Séverine na mtoto wao. Lakini tusidanganyane. Wengi wenu hapa hamkuja kumuaga, mmekuja kumwomba Mheshimiwa amzuie. Nimewasikia tangu juzi mkinong'ona: akienda huyu, nani atatuvulia mchana? Mafuta ya taa hakuna, kikundi kitavunjika, tutakula nini? Ni swali la haki. Hata mimi limeninyima usingizi, na ninyi mnajua mimi swali likinishika haliniachi.

Maana mimi ni mtu wa kuuliza. Watoto wa hapa wananiita Bibi Mbona. Nimepasua samaki tangu nikiwa msichana, na kila nikimpasua sangara mkubwa aliyevuliwa usiku, najiuliza: huyu mchana alikuwa wapi? Nilimuuliza mume wangu mwaka tuliooana. Akasema, "Amelala." Nikamuuliza, amelala wapi? Akasema, "Chini." Chini wapi? Juu ya nini? Macho hayo yasiyo na kope anayafumbaje? Bartolomeo akavaa kofia akaenda kwenye pombe. Nimekaa na swali langu miaka yote hiyo, Mheshimiwa, na nitawaambia mwishoni limefikia wapi.

Sasa mnakumbuka hali ilivyokuwa. Sisi hapa uvuvi wetu ni wa karabai: unawasha taa, dagaa wanakuja, unateka. Mafuta yalipoadimika, taa zikaning'inia ukutani zinaota kutu, vichanja vyangu vikawa vya kuanikia nguo. Makoye akaleta lori la mahindi kutoka Katumba abadilishane na dagaa, dagaa hakuna. Nyuma ya lori alikuwa amepanda kijana mmoja mrefu, mkimbizi wa kule Burundi, aliyekulia ufukweni mwa ziwa hili hili upande wa kwao. Akashuka, akaangalia maji, akaangalia wavuvi wetu waliolala kivulini jua likiwa kali, akauliza, "Nyie, mbona hamvui?"

Nikamwambia, mchana samaki wamelala. Akacheka! Jamani, mtu amekuja kwetu na njaa yake, anatucheka. Akasema, "Mama, sangara mchana halali. Anashuka chini kwenye giza. Na sisi tunamfuata huko huko."

Mimi hapo hapo nikamshika mkono. Nilikuwa nimemsubiri mtu wa kuniambia hivyo tangu nilipoolewa. Viongozi wakamwombea kibali, akabaki.

Wageni wetu mtapenda kujua huo mshipi wa mchana ukoje, nami nitawaeleza, maana nilisimama pembeni yake nikiuliza mpaka akanikimbia. Kwanza anaunganisha mishipi mpaka inapata urefu wa kutisha, kwa sababu kule anakokaa sangara mchana ni mbali kwelikweli. Mwishoni ndoana. Chambo ni samaki mdogo, mgebuka, lakini hatobolewi tu na kutupwa. Anakatwa upande mwembamba wenye mkia, na anashonwa kwenye ndoana kwa sindano na uzi, ili njiani asizunguke wala asichomoke. Mimi ndiye niliyeshona, na mishono yangu hata fundi cherehani hawezi. Karibu na chambo anafunga kipande cha bati alichokisugua kwa mchanga mpaka kikawa cheupe, kwa sababu kule chini mwanga ni kidogo na samaki anafuata kinachometameta. Halafu, juu kidogo, mbali na ndoana kiasi cha urefu wa mtumbwi, ndipo linapofungwa jiwe.

Jiwe hilo ndilo habari yenyewe. Bila jiwe mshipi haufiki. Lakini ukifika na samaki akakamata, jiwe linageuka kuwa adui, kwa hiyo linafungwa kwa ugwe dhaifu wa mgomba, mzunguko mmoja tu, ili ukivuta kwa nguvu ugwe ukatike, jiwe libaki chini, samaki aje peke yake. Mnaelewa? Linafungwa ili likatike.

Na aliyepewa kazi ya kufunga ni nani? Ni Bartolomeo wangu.

Mheshimiwa, huenda huzijui desturi zetu. Hapa kijijini kijana akileta posa, kabla ya maneno yoyote anapewa mtumbwi aufunge jioni. Asubuhi wazee wanakwenda kuuangalia. Fundo likikutwa limelegea, posa inarudi kwao, hata kama kijana ni mzuri namna gani. Na mzee anayekwenda kuvuta hilo fundo kwa mkono wake, kijiji kizima, ni Bartolomeo. Ameshawaliza vijana huyo! Baba Paroko anajua ndoa ngapi zilichelewa. Sasa mtu wa namna hiyo unamwambia, "Baba, tafadhali funga vibaya."

Akamwambia Siméon, "Mimi nifunge kitu ili kikatike?" Siméon akasema ndiyo baba. Bartolomeo akasema sawa, akachukua ugwe, akageuka upande, akafunga.

Wakaenda. Wanapiga makasia taratibu dhidi ya upepo ili mtumbwi ukae juu ya mshipi, na Siméon ameushika kwa vidole. Samaki akakamata, Siméon akavuta, mshipi ukatetemeka, kisha kimya. Wakaupandisha: ndoana tupu, chambo kimenyofolewa, na jiwe limerudi limetulia kama mtoto mgongoni, wakadhani samaki ameachia kabla ugwe haujawahi kukatika. Kesho yake hivyo hivyo. Wiki hiyo yote hivyo hivyo. Yakaanza maneno. Wengine wakasema ni bati. Wengine wakasema mishono yangu, nikawatukana, naomba msamaha kwa Baba Paroko lakini si kwao. Mwishowe wakasema ni Siméon, kwamba mtu aliyefukuzwa kwao hawezi kuwa na bahati. Neno hilo lilisemwa hapa kijijini, na aliyelisema anajijua, na liliniuma.

Lakini mimi nilikuwa na shida nyingine. Mawe ya saizi nzuri ni adimu ufukweni kwetu, kwa hiyo nilikuwa nimewapa figa langu moja kati ya matatu ya jikoni. Nililitoa nikijua sitaliona tena, kwa sababu Siméon alishaniambia jiwe linabaki chini. Jioni nikalikuta limewekwa mlangoni kwangu. Nikafurahi, nikapikia. Kesho wakalichukua, jioni likarudi. Likaenda tena, likarudi tena. Nikaanza kuliogopa. Nikamwita Siméon nikamuuliza mbele ya watu, "Mwanangu, mbona figa langu linarudi?"

Siméon akaliangalia lile jiwe. Akaangalia ugwe uliolifunga, akaufumua kidogo kwa ukucha. Ndani ya ule ugwe mmoja dhaifu, jamani, mlikuwa na nyuzi za mgomba zimesokotwa, zikasokotwa tena, na juu yake fundo la mtumbwi, lile lile la kupimia wakwe! Sangara alikuwa anapigana kule chini na figa linamning'inia, mdomo unachanika, anaondoka zake.

Watu wote wakamgeukia Bartolomeo. Naye hakukana. Akasema, "Nimefunga kama mtu anavyofunga." Tukacheka mpaka tukakaa chini. Yeye hakucheka. Usidhani nilicheka sana, mume wangu. Nilikuona unavyoficha mikono nyuma, na nikakuonea huruma, kwa sababu hiyo mikono ndiyo sifa yako.

Siméon hakumcheka pia. Tangu siku ile akafunga jiwe mwenyewe na kushika mshipi mwenyewe, na samaki wakaja. Walikuja wakubwa! Vichanja vikajaa, nguo zikarudi kwenye kamba, kikundi kikapona. Na hapo ndipo tulipomfunga Siméon bila kujua. Maana kila kitu kikawa Siméon. Nani anafunga? Siméon. Nani anavuta? Siméon. Ndugu zangu, mnajua kazi ya kuvuta ilivyo ngumu. Sangara wa mchana havuti mshipi, anaulegeza. Anakamata chambo anapanda nacho, anabeba na jiwe, na wewe juu unahisi mshipi umekuwa mwepesi tu, kama hakuna kitu. Wavuvi wetu walizoea kungoja kuvutwa. Wakaona heri wamwachie mwenyewe.

Wakati huo Makoye akija na lori analeta salamu za Séverine. Mwanzoni zilikuwa salamu. Baadaye akamwambia, "Mkeo anauliza umeoa samaki?" Mara ya mwisho akamwambia kwamba mtoto ameanza kutembea, na kila lori likifika anakimbilia kwa dereva anamwita baba. Makoye alilisema akicheka. Siméon naye alicheka, halafu akaenda kuosha mtumbwi uliokwisha oshwa.

Sasa juzi kwenye kikao, wazee wakamuuliza kama atakubali tumwombee kibali kingine. Akajibu, "Nyie mkisema nibaki, nitabaki. Siwezi kuwaacha na njaa, mlinipokea." Wazee wakapiga makofi. Mimi nikamwangalia usoni. Nimeangalia samaki wengi ndani ya kapu, Mheshimiwa. Najua kiumbe anayetaka kutoka anafananaje.

Nikarudi nyumbani nikamwambia Bartolomeo: kesho kutwa asubuhi, Siméon akiwa kwa Baba Paroko anakunywa chai ya kuagwa, wewe na mimi tunakwenda majini. Akaniuliza, "Na wewe?" Nikamwambia, na mimi. Mwanamke mwenye wajukuu! Akaniuliza, nani atafunga jiwe? Nikamwekea ugwe wa mgomba mkononi.

Ni leo hii asubuhi ninayoisema. Baba Paroko, asante kwa kumcheleweshea mkate, ulifanya kama nilivyokuomba.

Nilishona chambo. Nilibeba figa langu lile lile. Na mume wangu, mbele ya macho yangu, akachukua uzi mmoja wa mgomba, akauzungusha mara moja, akafunga fundo ambalo angelikuta kwa mkwe angemfukuza kijijini. Akafumba macho wakati anafunga. Jasho lilikuwa linamtoka. Akaniambia, "Eufrazia, tusisimuliane haya." Samahani, Bartolomeo.

Tukashusha mpaka mshipi ukagusa chini, tukaupandisha kidogo, yeye akashika kasia, mimi nikashika mshipi. Nikakaa. Nikauliza maswali, akaniambia ninyamaze, nikanyamaza. Nikakaa tena. Halafu ule mshipi ukawa mwepesi mkononi mwangu, hivi, kana kwamba mtu kule chini amenisaidia kubeba. Nikavuta kwa nguvu zangu zote, nikasikia tap! ndogo, ugwe umekatika, na mume wangu akapiga kelele utadhani amekatika yeye.

Akina mama, leteni lile kapu. Fungueni majani, Mheshimiwa aone.

Ehe! Pigeni vigelegele, lakini ngojeni nimalize. Nilipompasua nilikuta tumboni dagaa wabichi kabisa, wameliwa leo asubuhi, jua limeshawaka. Bartolomeo, baada ya miaka yote: hawalali!

Siméon, mwanangu, simama tukuone. Watu wakiagwa wanapewa blanketi. Sisi tumekuletea samaki ambaye hukumvua wewe. Tulikuwa na wewe tukashiba, na leo tumevua bila wewe, na sitaki mtu yeyote hapa amwombe Mheshimiwa chochote zaidi ya mafuta ya lori. Inaniuma kusema hivi. Nitakukumbuka kila nikishika sindano. Lakini nenda, baba. Nenda umfundishe mtoto baba yake ni yupi.

Huyu sangara tumemtia chumvi, atafika. Sasa anafungwa tena kwenye majani, na anayefunga ni Bartolomeo, kwa fundo lake la zamani, kwa sababu barabara ni mbaya na yeye hawezi kujizuia. Mwambie Séverine asihangaike kufungua, achukue kisu tu.

Makoye, washa gari. Mheshimiwa na nyote, nawashukuru kwa masikio yenu, na chai yenu ikichelewa mnisamehe: figa langu safari hii halikurudi.