Upepo Utoke Kwanza: Longino Anaiaga Gereji

Baada ya miaka kumi na tisa ya kazi, fundi wetu mkuu, Longino, anastaafu leo Ijumaa, tarehe 30 Juni 2023. Kesho nchi inaadhimisha Uhuru, na yeye anadai kwamba bendera zote zilizotundikwa Gitega wiki hii zimetundikwa kwa ajili yake. Tumemwachia. Mtu aliyekataa kuharakishwa kila siku ya kazi ana haki ya kujidanganya siku ya mwisho.

Mimi Kasilda wa stoo ya vipuri nimepewa kazi ya kumwandikia kwa sababu, wanasema wenzangu, ndiye niliyegombana naye kuliko wote. Ni kweli. Amenifanya niagize mifuniko mipya ya rejeta mara nyingi mpaka wauzaji wa Bujumbura wakaniuliza kama tunaipika na maharage.

Longino ni mzaliwa wa Bugendana. Mwaka 1972 alivuka kwenda Tanzania akiwa mtoto, ameshika kitenge cha mama yake, Martha. Alikulia Ngara, akajifunza ufundi huko kwenye malori ya mazao, na mwaka 2004, amani ilipoanza kurudi, naye akarudi. Mwenye gereji yetu, Bwana Alnoor Gulamali, alimkuta langoni na boksi la spana, akamuuliza anajua kazi gani. Longino alisema anajua injini, na asichokijua atauliza. Akaajiriwa kabla ya chai ya saa nne.

Tangu hapo amefufua ambulensi, malori ya mihogo, na basi moja la kwaya ambalo sote tulikwisha kulizika. Amefunza mafundi walioko leo Makebuko na Bukirasazi, na Prosper, ambaye kuanzia Jumatatu anashika nafasi yake. Lakini ukimtaja Longino sokoni Gitega, hakuna atakayekutajia basi la kwaya. Watakwambia: ah, yule wa upepo.

Kwa wasiojua, jambo lenyewe ni hili. Ukifungua mfumo wa maji wa gari, iwe kwa kubadilisha pampu au mpira tu wa kupitishia maji, hewa huingia, na sisi mafundi huiita upepo. Ukijaza maji mpaka juu unaona rejeta imejaa, kumbe upepo umejificha ndani, karibu na injini au kwenye hita, ile inayopasha joto ndani ya gari kwa maji hayohayo ya injini. Maji hayafiki pale upepo ulipo. Hata geji ya joto inaweza kukudanganya, kwa sababu kidude chake kimekaa kwenye upepo, hakigusi maji. Unaondoka unaimba. Mlima wa kwanza unakunyamazisha.

Ndiyo maana Longino hatoi gari kabla upepo haujatoka. Analipandisha kwenye mwinuko wa nyuma ya ua, pua juu, mfuniko wa rejeta wazi kabla injini haijapata moto, hita imefunguliwa mpaka mwisho. Anajaza polepole, anawasha, anasubiri mapovu. Maji yakishuka anaongeza. Kisha anaingia ndani na kuweka kiganja mbele ya tundu la hita. Ikipuliza baridi wakati injini imeshapata moto, upepo bado upo, na wewe mwenye gari unarudi kwenye benchi. Hata ikipuliza moto hujaondoka, maana analiacha lipoe, aangalie maji tena.

Benchi hilo lina historia yake. Mwalimu mmoja wa Bukirasazi alipata mchumba hapo. Mzee Khurshid, muuza vitambaa, alikuwa akisimama katikati ya ua na kupiga kelele, “Longino, mi nachelewa soko ya Makebuko! We unapika chai ndani ya gari yangu ama nini?” Longino alikuwa akimjibu kwa adabu kwamba ingekuwa chai, ingekuwa tayari zamani. Na Khurshid, ambaye aliapa mara ngapi sijui kutokanyaga tena hapa, hajawahi kulipeleka gari lake kwa fundi mwingine.

Wengi mnadhani alizaliwa na ukaidi huo. Hapana. Nilikuwepo ulipoanza, na ameniruhusu nieleze.

Mama Martha alikataa kurudi na mwanawe mwaka 2004. Alisema aliondoka nchini akiwa anakimbizwa, kwa hiyo atarudi akiwa anapokelewa. Atavuka mpaka mwenyewe hadi Muyinga, nyumbani kwa mpwa wake Anisia, na hapo atamngoja mtu wa kwao atoke Bugendana aje kumchukua. Hakutaka kufuatwa Ngara. Ndivyo wageni walivyopokelewa kwao zamani: mwenye nyumba anakuja kukutana nawe njiani.

Mwaka 2006 mama alikubali kurudi kwa njia hiyo. Longino alibadilisha pampu ya maji ya pikapu ya gereji, akajaza rejeta, akaangalia geji, akaondoka mbio akiwa amevaa shati jeupe. Hita hakuikumbuka. Alizoea magari ya Ngara, ambayo hita zake zilikuwa zimefungwa kwa waya miaka na miaka, maana nani alitaka joto zaidi? Kabla ya kufika Karuzi injini ilichemka, na silinda hedi, mfuniko wa chuma wa juu ya injini, ikapinda. Watu wa mlimani walimletea maji kwa madumu, wema mtupu, lakini hayakufaa kitu. Simu haikushika mtandao. Huko Muyinga, mama yake alingoja mpaka gari lililomleta likawa linaondoka kurudi Ngara. Akapanda, akarudi nalo. Alimwambia Anisia kwamba ameelewa: nchi hii bado haijamkumbuka.

Longino alirudi hapa pikapu ikivutwa kwa kamba. Hakulia mbele yetu. Alifungua injini ile kipande kwa kipande, akaweka silinda hedi iliyopinda juu ya meza yake, na iko pale mpaka leo. Wageni hudhani ni ya kuwekea vikombe.

Alikwenda Ngara kumbembeleza mara nyingi. Mwaka 2008 mama alikubali tena, akasema hii ni ya mwisho. Angefika Muyinga siku ya Jumapili, na watu wakitoka misa ya pili kabla hajamwona mwanawe, hatakanyaga tena Burundi.

Jumamosi jioni, mpira wa chini wa maji wa pikapu ileile ukapasuka. Gari jingine la kubeba mizigo ya mama halikuwepo. Alfajiri Longino akafunga mpira mpya, akalipandisha gari kwenye mwinuko, akaanza. Sote tulikuja, hata wasiokuwa na zamu. Jua likapanda. Mapovu yakaendelea. Bwana Alnoor, ambaye hapendi kupaza sauti, siku hiyo alipaza: “Longino, twende! Rejeta imejaa, mama iko anangoja, unataka nini tena?”

Longino alikuwa na kiganja mbele ya hita. “Inapuliza baridi, patron,” alimjibu tajiri wake.

Nilimsihi. Nilimwita majina ambayo hayaandikwi kwenye karatasi ya sherehe. Bado hakugusa gia. Akaongeza maji, akaminya mpira wa juu, akasubiri. Mwishowe povu moja kubwa likatoka, maji yakazama, akajaza tena, na hita ikaanza kupuliza moto. Hata hapo akasubiri ipoe, akaongeza maji kidogo, akafunga mfuniko, ndipo akaondoka.

Alifika Muyinga watu wakiwa wameshatoka misa. Gari la Ngara lilikuwa linaunguruma, na mizigo ya mama imesharudishwa juu. Mama Martha alikuwa bado chini, anaagana na Anisia.

“Umechelewa,” alimwambia.

“Nimechelewa, Mama. Lakini nimefika.”

Mama aliitazama pikapu, akauliza kama gari hilo litafia tena njiani. Longino alimfungulia mlango, akamketisha, akakishika kiganja chake na kukiweka mbele ya tundu la hita. Mama akausikia moto, akaamuru mizigo yake ishushwe. Walifika Bugendana hita ikiwaka njia nzima, kwenye jua, kwa sababu mama alikataa izimwe.

Tangu Jumapili ile, hakuna gari lililotoka kwenye ua huu na upepo ndani yake. Longino, kwa hilo tunakushukuru, sisi tuliokutukana na waliokaa kwenye benchi. Familia nyingi zimefika zilikokuwa zinakwenda, na hazijui kwa nini. Sisi tunajua, na tutaendelea hivyohivyo. Prosper ameapa, na silinda hedi tunaomba utuachie.

Sasa jambo la leo. Bwana Alnoor amekupa pikapu ile iwe yako, ikupeleke nyumbani Bugendana, ambako mama yako, mzee sana sasa, ameandaa chakula cha mchana. Ila asubuhi Prosper amebadilisha thamostati, kwa hiyo mfumo wa maji umefunguliwa. Gari liko kwenye mwinuko, pua juu, ufunguo uko mfukoni mwake, na hita, tunasikitika kukuarifu, inapuliza baridi. Tafadhali kaa kwenye benchi. Ukipiga kelele kama Mzee Khurshid, tutakuletea chai.

Tumempigia Mama Martha kumwambia kwamba utachelewa. Amecheka, kisha akasema: “Mwambieni asiharakishe. Mimi siondoki tena.”

Nenda kwake salama, Longino, ukishapewa ufunguo, na siku zako za Bugendana ziwe nyingi na njema.