Shangazi na Jeni Zilizonyamazishwa

Mwenzetu ambaye kila mtu humwita Shangazi, kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi wa getini, anastaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka thelathini na miwili katika maabara yetu ya utafiti wa saratani ya matiti. Aliingia akiwa fundi sanifu, akasoma huku analea, na anaondoka akiwa mtafiti mkuu.

Kazi yake ilikuwa kuchunguza jeni zinazozuia seli kukua ovyo. Katika baadhi ya uvimbe wa titi jeni hizo ni nzima kabisa, ila zimebandikwa alama ndogo za kemikali zinazofanya seli isizisome. Ole wako uandike kwamba jeni ya namna hiyo imekufa! Ripoti ilirudi mezani kwako kabla chai haijapoa. Kwake neno lilikuwa moja tu: imenyamazishwa. Alisema aliyezibwa mdomo si maiti, na ukishamwita maiti hakuna atakayehangaika naye tena. Wengi tulimwona mbishi.

Lakini hakuwa mtu wa kununanuna. Alipokuta soda ya mhasibu ndani ya friza ya sampuli, alimtaka asaini idhini ya kuitoa kwa ajili ya sayansi. Mhasibu alisaini.

Kisha mdogo wake akaugua ugonjwa huohuo. Majibu yalipotoka, jeni ilikuwepo, imenyamazishwa. Dawa ya kuiamsha haikuwepo. Hadi leo tunaitafuta. Alifanyiwa upasuaji, akapewa tiba zilizokuwepo, akafariki. Kabla ya hapo alikubali kipande cha uvimbe wake kihifadhiwe kwa utafiti.

Shangazi alirudi kazini baada ya msiba. Tangu hapo umeme ukikatika, hata siku ya mapumziko, alifika kabla ya fundi wa jenereta, akaweka kiganja kwenye mlango wa friza kuhakikisha inanguruma. Ilituuma kumwona.

Wiki iliyopita alitukabidhi funguo za friza. Vichupa vya sampuli vina namba tu, havina majina, na hapa kazini ni yeye peke yake anayeijua namba ya mdogo wake. Tulimwomba atuambie ili tukiangalie kichupa hicho kwa namna ya pekee. Alikataa kwa upole, akisema tutakipendelea kimoja na kuzembea vingine.

Asante, Shangazi. Kapumzike kwa afya na raha, na umeme ukikatika wewe lala tu. Kwa kuwa hatujui yupi ni wako, tutawatunza wote.