Fomu ya Jesca na Lesi ya Harusi

Kijiwe chetu cha Mtoni ni benchi moja, miguu mitatu na tofali. Upande huu fundi anakata vyuma, upande ule saluni inafungulia singeli, na sie katikati tunajidai tunasikilizana. Asubuhi hiyo Edgar kaja na fomu ya kliniki. Binti yake Jesca, miaka kumi na sita, kagoma kuvaa sare ya lesi ya harusi ya shangazi yake, eti inamuwasha kama upupu. Mwalimu kashauri aende kliniki, huko wakampa fomu ajaze mwenyewe: kelele, harufu, nguo, kila kimoja kinamsumbua kiasi gani. Edgar kampokonya. Kasema kijiwe kikiona ni deko, Jumamosi mtoto anavaa lesi, basi. Nami, kwa ujinga wangu, nikashika kalamu.

— Swali la kwanza, nikasoma. Nguo zinazokwaruza hunikera. Kamwe, mara chache, au siku zote?

— Kamwe! akadakia Didas. Tunamwita Daktari kwa sababu aliwahi kulinda geti la zahanati. Akaendelea: mie nilivaaga koti la ulinzi Desemba nzima, sijajikuna.

— Fomu ya Jesca, Daktari! nikamkumbusha.

— Ngozi ni ngozi. Halafu wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Walishajua lesi ina wadudu.

— Wadudu wapi, braza? Huo umeme! Huyo Talha, tunamwita Waziri. Ukimuuliza swali anatoa tamko. Akaendelea: lesi ina nyuzi za dhahabu. Binti akipita chini ya transfoma anachajika, anaanza kukamata redio. Ndo maana kelele hazitaki.

— Redio gani?

— Za nje.

Mzee Shomari, muuza kahawa, akagonganisha vikombe. Edgar akaruka, kahawa yote pajani.

— Mzee wangu, hivyo vikombe jamani!

— Navigonga tangu hujazaliwa, mwanangu.

Edgar akahamia ncha ya benchi, mbali na vikombe, anapokaaga kila siku.

— Swali la pili, nikasema. Kelele ya ghafla hunishtua.

— Kamwe! akajibu Edgar, anafuta suruali. Ukoo wetu hatushtuki.

Nikaandika kamwe.

— La tatu. Harufu kali hunihamisha.

— Hiyo siku zote! akasema Waziri. Tumpeleke soko la samaki Kunduchi, akinusa samaki wa jana anapiga filimbi. Serikali inamwajiri.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akasema Daktari. Sasa huyu anasikia kila kitu. Mguu wake utakuwa chuma!

Tukacheka mpaka tofali likachomoka. Tulipoinuka, Jesca huyo mbele yetu, sweta kaligeuza nje ndani.

— Shikamooni.

— Marahaba.

Akaichukua fomu, akasoma taratibu.

— Baba, nguo mmejibu kamwe?

— Ndiyo. Deko hilo.

— Sasa mbona lebo za mashati yako yote unazikata na wembe?

Daktari akachungulia kikombe chake. Mie aibu ilinishika, maana kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Edgar akapapasa kisogo, pale kwenye kola.

— Mama yako anajua?

— Anadhani panya.

Edgar akarudisha tofali, akampisha.

— Kaa. Futa huo upuuzi, ujaze mwenyewe. Na shangazi yako mwambie lesi nimeikataa mie.

Jesca akaanza kuandika. Edgar akamsogelea sikioni:

— Mwanangu, hivi hizo fomu walikupa moja tu?