Kadi ya Saba ya Mama Manjano

Ijumaa ya tarehe 29 mwezi huu, saa kumi kamili alasiri, Fundi Mkuu wa Maabara wa Idara ya Kemia atavua koti lake jeupe, atalitundika kwenye msumari ulio nyuma ya mlango wa chumba cha maandalizi, na kustaafu rasmi baada ya kukitumikia chuo hiki kwa miaka thelathini na minne na miezi miwili. Koti jeupe nimesema kwa heshima tu. Sote tunajua kwamba liliacha kuwa jeupe enzi za mkuu wa chuo wa tatu, na sasa tuna wa saba. Lina madoa ya manjano mikononi, mifukoni na, kwa sababu ambazo hakuna aliyethubutu kuziuliza, mgongoni.

Jina lake kamili limo kwenye faili, na faili ninayo mimi, karani wa idara, niliyekabidhiwa kazi ya kuandika wasifu huu. Nikiliandika hapa, nusu ya wasomaji watauliza huyo ni nani. Kwa wanafunzi, wahadhiri, walinzi na hata yule bwana anayetuletea mitungi ya gesi, yeye ni Mama Manjano.

Jina hilo alilipata mwaka wake wa kwanza kazini. Mhadhiri mmoja alikuwa akiwaandikisha wanafunzi neno zanthofili muhula mzima, nao wakiliandika, wakilikariri na kulitapika kwenye mtihani bila kujua ni mnyama gani. Mwanafunzi mmoja akamfuata fundi mpya dirishani, akamuuliza kwa sauti ya chini. Fundi mpya naye hakujua. Akaenda maktaba, akachimba, akarudi amefura kwa hasira. Kumbe ni Kigiriki tu! Ksanthos ni manjano, filoni ni jani. Manjano ya jani, basi. Watu thelathini wamebebeshwa mzigo muhula mzima na hakuna hata mmoja aliyewaambia ndani mna nini.

Kesho yake aliponda majani ya ua wa bustani kwenye spiriti, akachovya kipande cha karatasi ya kuchujia, akawaita wanafunzi waje waangalie. Kijani kilipanda karatasi taratibu, na manjano ikajitenga nacho, ikakaa peke yake. Akakata kadi, akaliandika neno, akabandika kile kipande cha karatasi pembeni yake, akaipiga pini ukutani. Hapo ndipo ubao ulipoanza, na sheria yake moja: neno lolote linalotokana na ile ksanthos litapewa kadi, ila kadi haikamiliki mpaka Mama aione manjano yenyewe kwa macho yake mawili. Kusoma kitabuni hakuhesabiki, wala picha iliyopigwa na mtu mwingine.

Leo ubao una kadi saba. Sita zimekamilika. Ya saba ina neno tu, na nafasi tupu pembeni yake kwa miaka kumi na moja sasa. Kila mgeni anayeingia chumba kile huuliza juu ya ile nafasi, na kila mara Mama hujibu kwamba bado, kisha hujitia ana chupa za kuosha. Kamati ya kumuaga imekosa usingizi kwa ajili yake, maana hakuna anayetaka kumwona akiondoka na ubao wenye pengo. Nitafika huko. Kwanza acheni nieleze zile sita zilivyotutoa jasho.

Zantini, ndugu wa karibu wa kile kinachokuamsha kwenye chai na kahawa, haikumsumbua. Aliikausha kwa asidi, ikaacha ukoko wa manjano, akabandika. Zanthati, chumvi yenye salfa, ndiyo iliyotuhamisha jengo. Siku ile mkuu wa kitivo alikuwa na wageni ghorofa ya juu, na harufu ikawafikia kabla ya chai, harufu ya kabichi iliyosahauliwa kwenye mfuko. Tulitoka wote hadi uani, wageni wakiwa na leso puani. Mama alitoka wa mwisho, mkononi ameshika mrija wenye mashapo ya manjano, anatabasamu kama aliyejifungua mapacha. Barua ya onyo niliipiga chapa mimi mwenyewe. Alipoipokea aliomba nakala ya pili aiweke kwenye fremu.

Kwenye gugu liitwalo zanthiamu, lile lenye vijiba vinavyong'ang'ania suruali, alisoma kwamba Wagiriki wa kale walilitumia kupaka nywele rangi ya manjano. Sasa nywele za nani? Mlinzi wa lango la nyuma alikuwa na ndevu nyeupe pe, na pia alikuwa na tabia ya kusinzia zamu, tabia ambayo Mama alikuwa ameishuhudia mara kadhaa. Sijui walikubaliana nini. Ninachojua ni kwamba kwa wiki tatu mlinzi wetu aliyapigia saluti magari akiwa na ndevu za rangi ya gazeti la zamani.

Ugomvi mkubwa uliletwa na gamu ya zanthani, ule unga unaofanya dawa ya meno na sosi viwe vizito. Unga wenyewe ni mweupe, labda krimu ukiutazama kwa huruma. Mhadhiri mmoja alishikilia kwamba jina ni jina, kadi ikamilishwe. Mama akasema ng'o. Miaka mitatu watu wazima wawili walipishana kwenye korido bila salamu kwa sababu ya unga! Mwishowe mama mmoja wa Biolojia, aliyechoka nao, akaleta kisahani chenye bakteria wanaoutengeneza unga huo. Walikuwa manjano kama siagi. Mama akabandika kadi siku hiyohiyo, akampelekea mhadhiri chai ofisini kwake, na mhadhiri akainywa.

Nimeiacha makusudi kadi ya pili, jaribio la zanthoproteiki, kwa kuwa ndiyo iliyoniingiza mimi kwenye mkasa huu. Ukitia asidi ya nitriki kwenye protini na kupasha moto, hugeuka manjano. Asidi haichagui protini ya nani. Tone moja lilidondokea kidole gumba cha Mama wiki ile mdogo wake alipokuwa akiolewa, ndiyo maana kwenye picha zote za arusi ile dada wa bibi arusi ameficha mkono mmoja mgongoni kama askari. Kwa wanafunzi hutumia ute wa yai. Sasa yai lina ute na kiini, na Mama ni mtu asiyeweza kutupa chakula hata umshikie panga. Mayai aliyapasulia jikoni kwenye chumba cha chai, mbali kabisa na kemikali, maana kwenye hilo hana mchezo. Ute ulikwenda maabara. Viini vilibaki kwenye bakuli.

Vikaja kwangu. Viini sita kila Jumanne, sita kila Alhamisi, kwa miaka kumi na minne. Nilivikaanga kwa siagi, na siagi sikuionea huruma. Mama alifurahi kuona haviharibiki, akawa ananichagulia mayai makubwa.

Basi turudi kwenye kadi ya saba. Neno lake ni zanthelazma. Ni ile ksanthos yetu, na neno lingine lenye maana ya bamba. Ni bamba dogo la manjano linaloota juu ya kope, karibu na pua, na ni mafuta. Kwa baadhi ya watu halina neno. Kwa wengine ni taarifa kwamba mafuta yamezidi kwenye damu na moyo unazibwa polepole. Mama aliandika kadi, akaanza kutazama watu macho. Watu wakadhani amekuwa mkali.

Kamati ya kumuaga ilipendekeza tumchapishie picha nzuri ya rangi kutoka kwenye mtandao, aondoke na ubao uliokamilika. Nikapinga. Wajumbe walinitolea uvivu, wakaniita mchawi wa furaha za watu, na mwenyekiti akauliza kwenye kikao mama wa watu amenikosea nini. Sikujibu. Najibu hapa.

Mama aliiona zanthelazma miaka kumi na moja iliyopita, Jumanne, saa nne asubuhi, kwenye chumba cha chai. Aliiona kwenye jicho langu la kushoto.

Nilikuwa nimeinama juu ya kikaango. Vile vibamba nilikuwa navyo mwaka mzima na, Mungu anisamehe, nilikuwa nikijivunia. Nilimwambia mke wangu kwamba hiyo ni nuru ya mtu anayekula vizuri. Mama alinitazama, akazima moto, akaninyang'anya kikaango na viini vyangu sita ndani yake, akaniambia niende hospitali. Nilikasirika. Nilimwambia yeye ni fundi wa mirija, si daktari, na kama hataki kunipa mayai aseme. Kesho yake nilikuta mezani kwangu fomu ya ruhusa, mojawapo ya fomu zangu mwenyewe ninazozifungia kabatini, imejazwa kila mstari kwa mwandiko wake. Ilibaki saini tu. Na yeye alikuwa amesimama mlangoni na mkoba, tayari kunisindikiza.

Tulikaa kwenye benchi la hospitali kwa saa nne nzima. Daktari aliangalia majibu, akaniangalia mimi, akauliza nimepandaje ngazi. Mishipa miwili ya moyo ilikuwa imebaki na upenyo wa kupitisha uzi. Alisema ningechelewa wiki chache, mazungumzo hayo angefanya na mke wangu peke yake. Nililazwa, nikatibiwa, nikarudi kazini baada ya miezi miwili nimekonda kama kalamu. Ubao ulikuwa palepale, kadi ya saba iko tupu, na Mama hakumwambia mtu.

Nilidhani ananifichia aibu yangu. Nilimshukuru kimoyomoyo na mimi nikanyamaza, maana mtu anayejiita mtanashati hapendi korido nzima ijue habari za siagi yake. Ikawa hivyo mpaka mwezi uliopita, alipokuja ofisini kutia saini karatasi zake za kustaafu. Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kuikamilisha ile kadi. Mama akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akasema si aibu yangu aliyoificha, ni yake. Alisema viini vilikuwa vyake. Alisema kadi ile aliikuza kwa mkono wake mwenyewe, yai kwa yai, na hawezi kubandika ukutani, kati ya vitu vya kujivunia, kitu kilichokaribia kumzika baba wa watoto wanne.

Jamani! Miaka kumi na moja mama wa watu amebeba jambo hilo, na mimi ninayewaandikia barua watu wote wa jengo hili sikuwahi kumwandikia mstari mmoja. Daktari aliniambia siku ileile kwamba chanzo ni damu ya ukoo. Baba yangu alianguka akiwa na miaka hamsini na miwili, wala hakuwahi kuonja yai la Mama Manjano. Viini vilisukuma kidogo, na mikono iliyovikaanga ilikuwa yangu. Nilijua haya, nikakaa kimya, na ninaona haya kubwa kuyaandika. Mama, nisamehe. Radhi hii naiomba kwa maandishi, nakala moja iende kwenye faili yako.

Sasa sikiliza, maana jarida hili linatoka Jumatano na muda hautoshi. Vibamba vya jicho la kulia vilishafifia. Cha kushoto kipo bado. Hospitali imekuwa ikitaka kukiondoa, nami nimekuwa nikiwapiga chenga kwa visingizio ambavyo ningevikataa kwenye fomu ya mtu mwingine. Nimekubali Jumatatu inayofuata. Kwa hiyo Ijumaa ndiyo siku ya mwisho manjano hiyo kuonekana kwa macho, na sheria ya ubao unaijua kuliko sisi. Saa tisa na nusu nitakuwa kwenye kile kigoda chini ya dirisha la chumba cha maandalizi, jicho la kushoto nimelifumba. Mpiga picha wa chuo ameshaambiwa. Utaangalia mwenyewe, uridhike mwenyewe, kisha uibandike picha hiyo kwa kidole gumba kilekile.

Kwa niaba ya idara nzima, pamoja na mhadhiri wa gamu na mlinzi ambaye ndevu zake zimerudia weupe, asante kwa miaka thelathini na minne. Mzee wako nyumbani ametuahidi kwamba atakuachia bustani yote na hatakuuliza unapika nini kwenye sufuria zake. Tunakuombea siku nyingi, nyepesi na zenye afya, Mama Manjano. Mke wangu na watoto wote wanne watakuwepo Ijumaa, wanataka kukushika mkono. Wewe njoo na pini.